Ngozi ya Julai

Jumanne, 1 Julai 2025

Ufa. Nimeuona jioni nikiifuta vumbi kabla ya kuifunga kwa leso. Uko chini ya daraja, upande wa nyuzi nene, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Nimeupitishia kidole, nikakiondoa upesi.

Ni baridi hii. Asubuhi ukungu, Kawangware nzima imefunikwa. Adhuhuri jua linachungulia, halafu linajiendea. Usiku nawasha jiko la makaa kwa ajili ya watoto. Ngozi inakunywa unyevu inalegea, inapata moto inakaza, inakunywa tena. Kule Alego ilikotengenezwa haikuzoea mambo haya.

Nimegusa uzi wa tatu. Nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, lazima ikwaruze, bila mkwaruzo si nyatiti, lakini mkwaruzo wake naujua hata usingizini. Huu wa leo ni mgeni.

Sijamwambia mtu. Italala chumbani kwangu, mbali na jiko.

Alhamisi, 3 Julai

Gredi ya saba na rekoda zao za plastiki. Darasa zima linapuliza, kila mtu na wimbo wake. Nawapenda hivyo hivyo. Mzazi ametoa pesa ya unga kununua ile rekoda, nitaidharau vipi?

Lakini nilipofungua leso wakanyamaza. Sijui ni ile mikono yake miwili ya mbao, au ni vile naketi kwenye kigoda, mwalimu chini kuliko wote. A., mmoja wa wasichana, alisogea mpaka goti lake likagusa bakuli.

"Madam, wasichana wanaruhusiwa?"

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mwalimu."

Jibu hilo limenifuata hadi nyumbani. Yaani mwalimu ameshavuka, mwalimu hahesabiwi tena. Nilipokuwa rika lake hata kile kigoda cha jathum, mpiga nyatiti, tulikatazwa kukikalia.

Ufa haujaongezeka. Nimeupaka samli, kidogo sana.

Ijumaa, 4 Julai

Mwalimu M. wa kinanda. Kijana mzuri, ana bidii, watoto wanampenda. Leo ameweka simu yake juu ya ngozi (juu ya ngozi!), akafungua programu ya kupima sauti. Nikapiga uzi wa kwanza. Mshale ukayumba, ukawa mwekundu. Wa pili, mwekundu. Wa nne ndio pekee uliopata kijani, akafurahi kweli. "Madam, hizi saba tukizivuta kidogo tu, tunaingia C vizuri na kinanda."

Anataka kwenye sherehe ya kufunga muhula nyatiti na kinanda vipigwe pamoja.

Sikumjibu. Nakuja kujibu hapa. Hizo nyuzi hazijapotea njia. Mzee aliyezikaza kwanza alifuata koo lake, na sasa zinafuata langu. Jathum hukaza mpaka uzi ukae na sauti yake ya kuimbia. Akiamka na mafua anashusha zote. Nne za mkono mmoja zinauliza, nne za mkono wa pili zinajibu. Hatua kati ya uzi na uzi si zile za piano. Piano imeigawa oktava vipande kumi na viwili vilivyo sawa, ikatulia hapo. Nafundisha piano kila Jumamosi, sina ugomvi nayo. Lakini uzi wangu wa sita unaimba katikati ya vibonye viwili, mahali ambapo piano haina mlango. Ndio uzi ninaoupenda kuliko wote. Ndio unaonifumbisha macho. Nikiuvuta uingie kwenye kijani cha simu, nimeuua.

Na tena, nani alimfuata nani? Wapiga gitaa wa benga, miaka ile ya sitini, walichukua vidole vya nyatiti wakavihamishia kwenye gitaa. Gitaa ndilo lililokuja kuomba. Nitamwambia Jumatatu. Kwa upole.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Shule hakuna. Barabara zote za kuingia mjini zimefungwa tangu alfajiri, seng'enge na polisi. Kangemi wanarusha vitoa machozi. Upepo umevileta mpaka huku au ni woga wangu, macho yanawasha. Watoto ndani. Nimeziba dirisha kwa taulo lililoloa.

Mchana mjomba amepiga simu kutoka Gem. Tuko salama? Tuko salama. Halafu: "Na kile chombo bado unakikalia?" Nikamwambia kina ufa. Kimya. Kisha akasema kimejua.

"Kimejua nini, mjomba?"

"Kimejua kinashikwa na nani."

Nikamtajia Anyango. Eriko Mukoyama, Mjapani, alikuja Siaya akajifunza nyatiti kwa wazee, wazee wenyewe, na watu wakampigia makofi. Mjomba hakusita hata kidogo. "Yule mgeni. Mgeni husamehewa. Wewe ni wetu."

Nimeyaandika maneno yake jinsi yalivyotoka kwa sababu bado nayatafutia jibu. Mgeni anapewa, wa nyumbani ananyimwa. Na nampenda. Alinilipia karo ya chuo. Ni kwa pesa yake niliketi maktabani Kenyatta University nikasoma kazi ya Washington Omondi juu ya nyatiti, nikajua kwamba chombo cha kwetu mtu anaweza kukisomea mpaka udaktari. Sasa anashangaa nilikotoa mapenzi haya.

Usiku milio bado. Nimeipiga kwa ncha za vidole, bila pete ya mguu, bila njuga. Watoto wakalala.

Jumamosi, 12 Julai

Ufa umefika kwenye daraja. Basi. Samli haitafanya kitu tena.

Nimewaomba ruhusa watoto wa piano, nikapanda boda alfajiri hadi machinjioni Dagoretti. Madalali wa ngozi hawana muda na mtu anayetaka moja. Wao wanapakia lori. Mmoja akanihurumia, akanipeleka nyuma. Nikachagua ya mtamba. Nimeikunjua nikaikagua kwenye mwanga pande zote: hakuna kovu la kupe, hakuna chapa ya moto, hakuna mahali kisu cha mchunaji kilipozama. Hapo ndipo ngozi huanza kuachana. Nimerudi kwa matatu na mfuko unaodondosha, abiria wakinipisha bila kuombwa.

Kabiria kwa mzee, fundi wa nyatiti. Hakuigusa nyatiti kwanza. Aliinama akaitazama ubavuni, kisha akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, mara juu, mara chini, akisikiliza.

"Mti mzima, Nyar Alego," akasema, yaani binti wa Alego. "Mkuyu huu utatuzika."

Niiloweke ngozi usiku kucha, nije nayo kesho. Nikauliza bei ya kuwamba.

"Utawamba wewe. Mimi nitakaa."

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani.

Kwanza nyuzi. Vile vitambaa vya kukazia kule juu kwenye mti uliolala, vipande vya kitenge changu cha zamani, vimekuwa vyeusi kwa jasho la mikono yangu. Nikavizungusha nyuma kimoja kimoja mpaka kila uzi ukalegea. Nyatiti iliyolegezwa nyuzi zote inatia huzuni. Daraja la matete likang'oka na nta yake. Mzee akakata mshipi mgongoni, ngozi kuukuu ikatoka nzima, ngumu, bado na umbo la bakuli.

Ndani! Miaka yote hii sijawahi kuona ndani. Alama za tezo, pigo kwa pigo, hazikulainishwa. Gogo moja, mtu akalichimba mpaka likawa hili, na haraka yake yote imo humo, na mahali alipopumzika, na mahali pamoja alipokaribia kutoboa akaacha. Nikaingiza mkono nikapapasa. Harufu ya moshi. Nimekaa hivyo muda, mzee hakunihimiza.

Kisha kazi. Manyoya tulikwisha kuyaondoa kwa majivu na wembe. Ngozi mbichi inateleza, nzito, baridi. Unavuta kushoto, kulia kunalegea. Unatoboa, unapitisha mshipi, unakanyaga kwa goti, unavuta, unavuka ng'ambo. Mzee kitini: "Bado. Bado. Hapo. Umezidisha, legeza." Ikikazwa mno ikiwa mbichi, ikikauka itajirarua yenyewe. Vidole vimechubuka. Alinyanyuka mara moja tu, mkono wangu uliposhindwa, akaukamata mshipi akaushikilia mpaka nikafunga fundo.

Wakati wa chai nikamuuliza juu ya wanawake. Alifikiri. Zamani zake mwanamke hangeipiga, wala hangeiwamba. Sababu walizopewa zilikuwa nyingi, nyingine hakuziamini hata siku zile. Nyatiti ilikuwa ya matanga, ya kukesha, ya pombe, ya kutembea kijiji hadi kijiji. Mke wa mtu angekaaje huko? Akamimina chai nyingine.

"Sasa hao wanaume wako wapi? Vijana wamejaa ploti hii. Aliyekuja kukaa na mimi leo ni wewe."

Jumatano, 16 Julai

Inakauka. Kivulini, kwenye upepo. Si juani, si karibu na moto. Mzee anasema nisiiguse, nami siigusi, naitazama tu.

Nyumba iko kimya. Naosha vyombo na kidole gumba cha mguu kinagonga sakafu chenyewe.

Nimemweka Ayub Ogada kwenye simu. En Mana Kuoyo, ya 1993. Albamu hii naijua yote. Usiku huu nimesikiliza ngozi peke yake. Alitoka hapa katikati ya miaka ya themanini, akawa anaipiga nyatiti yake kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, mpaka watu wa Real World, lebo ya Peter Gabriel, wakamsikia. Alifariki Februari 2019, karibu na Kisumu. Kuna jambo ningemuuliza, si la umaarufu wala la filamu iliyotumia wimbo wake. Ngozi ilivumilia vipi Novemba ya London? Aliipasha joto wapi, kwa moto gani?

Jumamosi, 19 Julai

Mjini. Matatu ya 46, foleni tangu Yaya. Watoto wa piano. Mmoja anajiandaa kwa mtihani wa ABRSM, mizani na arpejio, mwalimu-mtahini atatoka Uingereza. Anacheza vizuri, mkono wa kushoto umeanza kupata uzito. Nilifurahi naye kwa dhati.

Ila nikitembea Harry Thuku Road baadaye, nikipita Kenya National Theatre, nikawaza. Conservatoire, shule ya muziki ya hapa, ilianza 1944. Ukumbi huu ulifunguliwa 1952. Watoto wangapi wa jiji hili wamepimwa hapa kwa piano na fidla, wakapewa cheti, wakajua wako ngazi gani. Kwenye orodha ile ya ABRSM nyatiti haimo. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo ni la tangu 1927, angalau lina nafasi yake, mpigaji mmoja na chombo chake, nami nimepeleka watoto. Lakini mtoto akishuka jukwaani na kikombe, anaendelea na nani? Hakuna ngazi ya pili. Hakuna Jumamosi asubuhi ya nyatiti. Hilo linaniuma na sitaki kulipunguza hapa kwenye daftari.

Nyuzi nimenunua: nailoni ya kuvulia samaki, unene tofauti. Muuzaji akauliza naenda kuvua wapi. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Mzee anasema za kano zilikuwa na sauti tamu lakini mvua moja tu zinakwisha.

Nimemsubiri dada mbele ya Archives kama watu wote wa Nairobi. Akanikumbatia, akanusa mkono wangu, akauliza ni nini hii. Ngozi, nikasema. Haitoki kwa sabuni.

Jumapili, 20 Julai

Si yeye.

Nimepandisha nyuzi, nimebandika daraja kwa nta mpya, nimekaza polepole, zote nane. Nikavaa oduong'o, ile pete ya chuma, kidole gumba cha mguu, na njuga mguuni, nikaketi. Nikapiga ule wimbo wa harusi ninaoanza nao siku zote.

Sauti kali, nyembamba, juu juu, kama mvua ya mawe kwenye bati. Hakuna tumbo. Ule mkwaruzo wa chini, ule wa kifuani, haupo. Nimeshusha nyuzi, nimepandisha, nimesogeza daraja. Uzi wa sita hauoneshi dalili ya kunijua.

Nimelia. Naandika tu kwamba nimelia.

Nikampigia mzee usiku. Akasikiliza nikipiga kupitia simu. "Ngozi haijajua wimbo. Piga kila siku, piga kwa nguvu, usiionee huruma." Akakata.

Jumanne, 22 Julai

Nimepiga kabla ya alfajiri, jirani akagonga ukuta. Nimepiga jioni. Vidole vina moto.

Si mimi tu. Nafikiri imeshuka kidogo. Nafikiri.

Alhamisi, 24 Julai

Baada ya masomo, A. kwenye kigoda. Nimemfunga njuga mguu wa kulia. Pete ya chuma ni kubwa kwa kidole chake. Tumeizungushia kitambaa ndani mpaka ikakaa. Kwanza mguu peke yake: pete kwenye ubao wa chini, ko, ko, ko-ko. Watoto wengi hukimbilia nyuzi. Huyu nimemweka kwenye mguu karibu saa nzima, hakulalamika, uso umekunjamana kwa makini. Kisha mkono mmoja, nyuzi nne tu. Kisha ule mwingine.

Na hapo nikausikia. Nilikuwa nimesimama, sikuwa nimekaa. Sijawahi kuisikia nyatiti yangu nikiwa nimesimama mbele yake. Tumbo linarudi. Si lile. Liko karibu zaidi na mlango, niseme hivyo, lina ujana. Lakini ni tumbo, na uzi wa sita ulipolia nikashika meza.

A. akainua macho: "Nimekosea?"

"Endelea."

Kidole chake kimevimba. Nimemwambia akiloweke kwenye maji ya chumvi, na asiseme kwao ni kazi ya mwalimu. Akacheka.

Jumatatu, 28 Julai

Nilikuwa nimejiandaa. Maneno yote ya benga, ya oktava, ya koo la mzee. M. akaniwahi.

Alikuwa amebaki shuleni Ijumaa mpaka askari akamfukuza. Kinanda chake kina sehemu ya kubadili mizani, imetiwa humo kwa ajili ya wanamuziki wa Kiarabu na robo sauti zao. Unakwenda kibonye kwa kibonye, unashusha, unapandisha. Akaniomba nipige uzi mmoja mmoja. Akafunga ile programu ya simu, akatega sikio. Uzi wa kwanza, wa pili. Kwa wa sita alichukua muda mrefu, akapitiliza, akarudi, akapitiliza tena. Alipoupata hakusema kitu. Alikishikilia kibonye kile na mimi nikapiga uzi, na vikawa kitu kimoja.

Kinanda kimeikubali nyatiti. Sikutumia neno hata moja katika yale niliyoyapanga.

Alhamisi, 31 Julai

Mvua nyepesi asubuhi, nikaibeba chini ya koti. Ukumbi umejaa. Nimeipasha joto jikoni shuleni kwenye mabaki ya makaa ya chai, wapishi wakanishikia mlango.

A. alipanda. Kigoda, njuga, pete na kitambaa chake. M. nyuma kwenye kinanda, taratibu, akimpisha. Katikati ya wimbo mzee mmoja, babu wa mtoto fulani wa gredi ya sita, akanyanyuka na noti ya mia mbili juu hewani. Pakruok, kujisifu katikati ya wimbo! Mbele ya walimu, mbele ya mgeni wa heshima. Walimu wengine wakashtuka, wakadhani ni fujo. Akasimamisha wimbo, akajisifu, akamsifu mkwewe, akasifu mto wa kwao, akaweka noti miguuni mwa mtoto. Na A., ambaye sikuwahi kumfundisha hilo, alinyamazisha nyuzi kwa kiganja, akamsubiri amalize, kisha akaingia palepale alipoachia. Palepale! Ukumbi ukalipuka. Baada ya hapo wakaja wanne, watano, mama mmoja pia, akajisifu kwa jina la baba yake.

Mia mbili ile na nyingine zote ni za A. Nimehakikisha.

Mjomba hajapiga. Nimemtumia sauti ya uzi wa sita, bila maneno. Imeonesha tiki mbili za buluu.

Kesho muhula unafungwa. Shuleni wametaka nyatiti ikae stoo pamoja na ngoma mpaka muhula ujao. Nimekataa, na nimeandika barua. Ni yangu, na stoo ile inavuja. Agosti yote itakuwa nyumbani kwangu, Jumamosi jioni nikitoka mjini, nafundisha bure. A. atakuja. Wavulana wawili wameuliza. Kila mmoja aje na kigoda chake.